Sindano ya Mkono Mwepesi

Katika mtaa wetu hakuna mtu anayeweza kutunza siri kunizidi mimi. Ndiyo maana habari hii sasa inajulikana mpaka kwa wauza mkaa wa mtaa wa pili. Lakini walioguswa nayo wameridhia isimuliwe, kwa hiyo ukiisikia kwangu usiniite mmbeya.

Basi palikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Kiberiti. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na darasa la sita zima, kwa sababu ukimgusa tu, anawaka. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao kilijaa vitambaa, vifungo na kelele za mashine. Uani, nyuma ya chumba hicho, kila Jumamosi asubuhi alikaa mkubwa wa kweli wa nyumba ile: bibi yake, mama mzazi wa mama.

Bibi alikuwa mtoga masikio. Watu walimwita Mkono Mwepesi, maana ukimpelekea binti yako saa tatu, saa tatu na robo ana matundu mawili, uzi mweupe unaning'inia, na machozi yameshakauka. Alikuwa na sindano moja tu, nene kidogo kuliko ya kushonea, aliyoihifadhi ndani ya kopo la marhamu lililokwisha zamani. Sindano hiyo ilimtoga mama yake Kiberiti, ikamtoga mama mdogo, ikamtoga Kiberiti mwenyewe na nusu ya wasichana wa shule yake.

"Mama, si ungenunua nyingine?" mteja mmoja aliwahi kumwuliza.

"Sindano mpya ni kama mkwe mpya," Bibi akajibu. "Bado haijui watu. Hii imeshazoea masikio."

Watu wote uani wakacheka, na aliyeuliza akacheka kuliko wote.

Kazi ya Kiberiti ilikuwa kushika vichwa. Alisimama nyuma ya kigoda, akakibana kichwa cha mtoto kwa viganja viwili, akamsimulia uongo wowote mpaka sindano ipite. Bibi aliweka kidole gumba nyuma ya ndewe ya sikio, akasukuma sindano kutoka mbele. Mara nyingi ncha ilipitiliza ikamdunga kidole. Hakujali. Alikifyonza kidole, akaifuta sindano kwenye upindo wa gauni lake, akaipaka mafuta, akaita, "Aje mwingine." Sindano yenyewe haikuonja moto wala maji yanayochemka. Bibi alisema vitu hivyo vinaua ncha.

Sasa, mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliishi nao. Alifanya kazi kiwanda cha sabuni, mwanamke wa kubeba magunia, asiyejua kitanda cha hospitali kina miguu mingapi. Siku moja watu wa kukusanya damu walikuja kiwandani. Mama mdogo akawa wa kwanza kukunja mkono wa blauzi. Baada ya wiki mbili wakamwita, na jioni hiyo akarudi nyumbani na karatasi.

"Damu yangu wameikataa," aliwaambia wakiwa mezani. "Kipimo kinaonyesha homa ya ini, ile aina ya C. Wamesema niende kituo cha afya Jumamosi nikapimwe zaidi."

"Lakini wewe huumwi," mama alisema.

"Siumwi hata kucha."

Bibi aliendelea kula. Lakini asubuhi, Kiberiti alipoamka, alikuta kikombe, sahani na kijiko vya mama mdogo vimetengwa dirishani, kila kimoja kimewekwa doa la rangi nyekundu ya kucha.

"Nani ameweka rangi hii?"

"Kunywa chai yako," akasema Bibi.

"Nauliza nani."

"Na mimi nimekuambia kunywa chai."

Mama akajitia anatafuta kifungo chini ya meza. Mama mdogo akakitazama kikombe chenye doa, akakichukua, akaenda kunywa uani peke yake akiwa ameupa mgongo mlango. Mabega yake, yale ya kubeba magunia, yalikuwa yanatetemeka.

Kiberiti akawaka. Alimfuata uani, akamtoa kikombe mkononi, akarudi nacho mezani, akanywa chai iliyobaki mpaka tone la mwisho mbele ya macho ya watu wote.

"Haya," akasema. "Na mimi nipakeni rangi."

"Mtoto huyu kichwani ana baruti," akasema Bibi, naye mkono wake ulikuwa umeganda hewani na kipande cha mkate.

Kusema kweli, Kiberiti hakujua kama kikombe kinaambukiza au hakiambukizi. Hasira ilitangulia, akili ikaja nyuma ikihema. Safari hii alikuwa na bahati. Wewe usifanye hivyo kabla ya kuuliza.

Yeye mwenyewe aliuliza Jumamosi, alipomsindikiza mama mdogo kituo cha afya. Waliingia chumba kidogo chenye dirisha moja, viti viwili na kisanduku cha manjano cha kutupia sindano. Muuguzi alikuwa mwanamume mwenye ndevu nyingi hivi kwamba kicheko chake kilisikika kabla ya kuonekana.

"Kikombe kinaambukiza?" Kiberiti akauliza kabla hata ya kuamkia.

"Shikamoo kwanza," akasema mama mdogo.

"Shikamoo. Kikombe kinaambukiza?"

"Marahaba. Hapana," akasema muuguzi. "Wala sahani, wala kukumbatiana, wala kupika pamoja, wala kulala kitanda kimoja na mama mdogo wako. Ugonjwa huu husafiri kwa damu. Damu ya mwenye virusi ikiingia kwenye damu yako, hata kiasi usichokiona kwa macho, basi. Wembe mmoja watu wawili. Mswaki wa mwenzio, maana fizi hutoka damu. Sindano iliyokwisha kutumika, iwe ya dawa au ya kuchora michoro mwilini. Wapo waliougua kwa kuongezewa damu isiyopimwa. Na mama mwenye virusi anaweza kumpa mtoto wakati wa kujifungua, ingawa si mara nyingi."

Kiberiti akaitazama miguu yake. "Na sindano ya kutogea masikio?"

"Imetumika kwa wangapi?"

"Kwa wote."

"Wote wangapi?"

"Mtaa," akasema Kiberiti.

Muuguzi hakucheka safari hii. "Siwezi kusema mama mdogo wako aliupata hapo. Huenda ni hapo, huenda ni kwingine. Ugonjwa huu unaweza kukaa miaka kumi, hata ishirini, bila kuuma popote. Mtu ananenepa, anafanya kazi, anacheka, na ini linaliwa polepole. Ndiyo hila yake. Lakini sindano hiyo isiguse sikio jingine, hata moja. Na huyo mwenye sindano, hajidungi?"

Kiberiti akakumbuka kidole gumba cha Bibi kinavyofyonzwa.

"Kila Jumamosi," akasema.

"Basi yeye ndiye wa kwanza ninayemtaka hapa. Amejidunga kwa damu za watu wengi kuliko mtu yeyote mnayemjua."

Mama mdogo akauliza swali lake kwa sauti ndogo. "Nitakufa?"

"Kwanza tuone kama virusi bado vimo. Wengine mwili huvifukuza wenyewe. Vikiwemo, kuna vidonge, kama miezi mitatu hivi, na karibu wote wanaovimeza bila kuruka siku hupona kabisa. Chanjo ya aina hii hatuna, ila dawa tunayo. Lakini dawa haimponyi asiyejua kuwa anaumwa."

Akamchukua mama mdogo damu ya kupeleka maabara, kisha akamgeukia Kiberiti. Alifungua pakiti mpya mbele ya macho yake, akamtoboa kidole, akakitupa kile kisindano kwenye kisanduku cha manjano. Wakangoja dakika ishirini. Kiberiti hakuwa na kitu.

Wengine wakiambiwa wako salama hushukuru. Kiberiti alizidi kukasirika. Njia nzima alitembea mbele ya mama mdogo hatua kumi, akipiga mawe teke, akiwaza vichwa vyote alivyovishika kwa viganja vyake.

Alipofika uani akamkuta binti wa fundi viatu, rafiki yake wa darasani, amesimama mahali pake nyuma ya kigoda. Amemshika kichwa mdogo wake wa miaka minne. Na Bibi ameinama, sindano imeshapakwa mafuta, ncha inameremeta karibu na sikio la mtoto.

Kiberiti akapita katikati, akainyakua.

"Lete hapa," akasema Bibi.

"Siileti."

"Nitakuchapa mbele ya wageni."

"Nichape. Sindano hii ina damu ya mtaa mzima, Bibi."

"Naifuta."

"Unaifutia gauni."

"Miaka arobaini sijaona sikio lililooza."

"Ugonjwa huu hauozeshi sikio. Unakula ini, tena hauna haraka." Sauti ya Kiberiti ilikuwa imepanda mpaka majirani wakachungulia. "Kikombe cha mama mdogo umekipaka rangi, na kikombe hakina kosa. Hii ndiyo ya kupaka rangi. Hii unaitunza kwenye kopo kama kito."

Bibi akainuka. Alikuwa mfupi, lakini siku hiyo alionekana mrefu. "Kwa hiyo unasema nimemuua mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe. Ndivyo unavyosema? Sema watu wasikie."

Mashine ya kushonea ikanyamaza. Mama akatokea mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, na nyuma ya Kiberiti mama mdogo akawa amefika, amesimama na kipamba mkononi pale alipotolewa damu.

"Kiberiti," akasema mama, "bibi yako hapandishiwi sauti. Omba radhi."

"Kwa kelele naomba radhi. Kwa sindano siombi."

"Kwa sindano sijakuambia uombe." Mama akanyoosha mkono, akaipokea sindano, akaitia ndani ya chupa na kukaza kifuniko. "Hii inarudi kituo cha afya, ikatupwe kwenye kisanduku chao. Mama, kutoga kumekwisha."

"Kumekwisha kwa amri ya nani?"

"Yangu. Na nina aibu kwamba mtoto ndiye aliyenitangulia. Nilikiona kile kikombe, nikatafuta kifungo."

Bibi akaingia chumbani mwake, na mlango aliufunga kwa kishindo kilichosikika barabarani.

Binti wa fundi viatu akajishika sikio. "Na mimi je? Mwaka jana si nilitogwa hapa?"

"Ulitogwa," akasema Kiberiti. "Nilikushika kichwa."

"Ukaniambia haiumi."

"Nilikudanganya. Twende ukapimwe, nami nitakaa nawe hizo dakika ishirini."

"Nikikutwa nao sikusemeshi tena maisha yangu yote."

"Haya, usinisemeshe. Lakini twende."

Alipimwa, hakuwa nao, na alimsemesha Kiberiti njia nzima mpaka Kiberiti akatamani angekaa kimya kidogo.

Jioni tatu mfululizo mama alifunika mashine yake, akamchukua Kiberiti, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba. Kiberiti ndiye aliyejua vichwa vyote, na mama ndiye aliyesema. Baadhi ya watu walishukuru. Wengine walifunga mlango. Mke wa muuza mkaa aliwamwagia maji ya vyombo miguuni.

"Mlitutoga mkatucheka," akasema, "leo mnakuja kutuonea huruma."

Kiberiti akafungua mdomo ajibu. Mama akamfinya.

"Wapeleke mabinti wapimwe, dada," akasema mama, viatu vikichuruzika maji. "Na wewe mwenyewe pia."

Walipofika barabarani Kiberiti akamgeukia mama. "Kwa nini hukumjibu?"

"Nimjibu nini? Ana haki ya kukasirika. Hasira yake ikimfikisha kwa muuguzi, imefanya kazi yake. Yako nayo ilifanya. Sasa ipumzishe, mwanangu, maana tumebakiza nyumba sita."

Mke wa muuza mkaa alikwenda kesho yake, amenuna. Mabinti zake walikuwa salama. Yeye mwenyewe akakutwa na virusi, akaanzishiwa dawa kabla ini halijaharibika. Hakuja kushukuru. Alimtuma tu mtoto na mfuko wa mkaa, akaagiza mfuko urudishwe.

Mama mdogo naye majibu ya maabara yalisema virusi vimo. Akaanza vidonge. Kila siku saa mbili usiku Kiberiti alisimama mbele yake na glasi ya maji kama askari. Ile rangi ya kikombe aliisugua kwa mchanga mpaka ikatoka, na kikombe kikarudi kabatini pamoja na vingine.

Aliyebaki alikuwa Bibi. Wiki nzima hakusema na Kiberiti moja kwa moja. Maneno yake aliyapitisha kwa paka wa nyumbani. "Paka, mwambie huyo binti anisogezee chumvi." "Paka, mwambie mwenzio amesahau kufunga dirisha." Ukimtajia kupimwa, alianza kuimba. Kiberiti alikuwa akilala na hasira na kuamka nayo, lakini chini ya hasira hiyo palikuwa na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa hofu. Kila alipokiona kile kidole gumba, aliona ini linaliwa polepole.

"Bibi," alimwambia asubuhi moja, "sikukulaumu. Naogopa tu."

"Paka," akasema Bibi, "mwambie kila mtu aogope ya kwake."

Halafu siku moja mchana, mvua imekatika, Bibi alivaa gauni la kutokea, akatoka, akarudi baada ya saa mbili. Akakaa, akavua viatu.

"Nimepimwa," akasema. "Sina kitu. Sasa tuzungumze mengine."

Kiberiti alilia. Aliomba radhi upya, kwa kelele na kwa kila kitu, akachemsha maji, akamwosha Bibi miguu kidole kwa kidole. Bibi alizipokea huduma hizo huku akitazama ukuta, kama mtu aliyeletewa kifurushi cha jirani na kuona haya kukirudisha.

Vidonge vikaisha. Miezi mingine mitatu ikapita, maana hivyo ndivyo wanavyohakikisha, na siku ya kipimo cha mwisho nyumba nzima ikaenda kituo cha afya. Bibi akaenda pia, na gauni lake la kutokea, kama anakwenda harusini. Wakajaa ndani ya kile chumba cha viti viwili.

Muuguzi akasoma karatasi, akaisoma tena. "Virusi havionekani," akamwambia mama mdogo. "Umepona."

Mama mdogo akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Mabega yakatetemeka tena, ila safari hii kila mtu aliyaona na kila mtu akayashika.

"Jihadhari tu," muuguzi akaendelea. "Kupona si kinga. Ukigusana na damu yenye virusi, unaweza kuupata tena." Kisha akamtazama Kiberiti. "Na wewe uwaambie wenzako shuleni. Ugonjwa huu haubishi hodi. Anayengoja kuumwa ndipo apime ni sawa na anayengoja moto ufike kitandani ndipo atoke. Wembe wako uwe wako, mswaki wako uwe wako, na sindano ni ya mtu mmoja, mara moja, kisha itupwe. Ukiwa na shaka, kapime. Kujua hakujawahi kumwongezea mtu ugonjwa."

"Maneno hayo hayo nawaambia kila siku," akadakia Bibi. "Mimi nilipima mapema."

"Vizuri sana, Bibi. Ulipimia wapi?"

"Hapahapa. Chumba hikihiki."

"Alikupima nani?"

Bibi hakusita hata kidogo. "Binti mmoja mwembamba, mpole, ana adabu. Alinitoboa hata sikuhisi."

Muuguzi akazishika ndevu zake, akazivuta taratibu mpaka mwisho.

"Bibi," akasema, "chumba hiki nafanya kazi peke yangu. Huu mwaka wa nne."

Mama akamgeukia Bibi. Kiberiti akaikumbuka ile miguu aliyoiosha kidole kwa kidole, na hasira ikampanda kutoka unyayoni. Lakini hakusema kitu. Alimwinua mama mdogo kwenye kiti cha kupimia, akakivuta kiti hicho huku kikikwaruza sakafu, akakiweka mbele ya bibi yake.

"Kaa, mama," akasema mama mdogo, akiwa bado na kitambaa mkononi. "Nilikuwa nao, nami ni huyu hapa. Ukikutwa nao, vidonge nitakumezesha mimi. Na hata ingekuwa ni wewe uliyenipa, sikudai kitu."

Bibi akakitazama kiti. Akamtazama mwanawe mkubwa, kisha mdogo, kisha mjukuu, ambaye macho yake yalikuwa yanawaka. Mwisho akaziangalia zile ndevu kwa muda mrefu, kama anayezipima.

"Basi siku ile," akasema akijikalisha polepole, kidole ameshakinyoosha, "ulikuwa umenyoa."